Bi Pindo Anaitafuta Lailatul Kadri

Wifi yangu ni fundi cherehani, na watu humwita Bi Pindo kwa sababu gauni lake litachanika kote lakini pindo halifumuki. Mimi ni mtu wa vifungo na pasi katika duka lake. Yeye anakata na kushona. Mimi nabandika vifungo, nanyoosha nguo, na naongea. Hilo la kuongea sikuajiriwa kulifanya, lakini nani ataninyamazisha, nami ni dada wa mumewe.

Sasa, fundi cherehani Mwislamu ana mtihani ambao watu wengine hawaufikirii. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, wenzake wanakesha msikitini wakiutafuta ule usiku ulio bora kuliko miezi elfu, naye anakesha dukani akitafuta uzi unaofanana na kitambaa. Kila mtu anataka gauni la Idi, na hakuna anayelileta mapema. Huyu anataka kola, yule anataka abanwe kiuno, na kiuno chenyewe ukikitafuta hukioni. Basi miaka nenda miaka rudi, Lailatul Kadri humpita wifi yangu kweli akiwa amepiga magoti, ila chini ya meza, anasaka sindano iliyodondoka.

Mwaka huu akasema imetosha. Usiku wa ishirini na saba duka litafungwa, na mwenye gauni lake asubiri au akalivae likiwa kitambaa. Nilishangaa, maana mwanamke huyu hata siku ya harusi ya mwanawe alikuwa na futi shingoni. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ana ombi lake, na ombi lile si la kuomba usiku wowote tu.

Ombi lilimhusu mdogo wake wa kike. Tumbo moja, baba mmoja, na ufundi walifundishwa na mama mmoja. Zamani walikuwa wakishona pamoja, cherehani zikitazamana, na kelele za wawili wale zilikuwa zinashinda za mashine. Kisha mama yao akafariki. Mdogo alifika kaburi limekwisha kufukiwa, kwa kuwa mwanawe alikuwa amelazwa hospitali. Wifi, mbele ya wanawake wote waliokuja kutoa pole, akamwambia kuuguza hukuuguza, kuzika hukuzika, sasa umefuata nini hapa. Mdogo alivaa viatu vyake akaondoka, na wiki iliyofuata akahamishia cherehani yake upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na wetu.

Tangu hapo salamu zikafa. Wifi akawa anamwita "wa ng'ambo". Mteja akisema amepita ng'ambo, anapimwa kwa kukazwa futi mpaka anakohoa. Na ombi lenyewe, msikie: alitaka Mwenyezi Mungu aulainishe moyo wa mdogo wake, aje kwa miguu yake mwenyewe kuomba radhi, kwa sababu alimgeuzia mgongo mbele za watu. Nikamwuliza kwa nini asivuke yeye, barabara yenyewe hata gari hazipiti sana. Alinitazama kana kwamba nimeunguza hariri ya mtu. Nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Alijiandaa kweli, hilo simnyimi. Alikwenda darsa ya wanawake, nami nikamfuata. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alieleza jinsi Qur'ani ilivyoteremshwa usiku ule, na jinsi Malaika na Jibrili wanavyoshuka, ikawa amani mpaka alfajiri. Akatufundisha dua aliyofundishwa Bibi Aisha: Ewe Mola, hakika Wewe ni Msamehevu, unapenda kusamehe, basi nisamehe. Halafu akasema kwamba Mtume alitoka siku moja awaambie watu ni usiku gani hasa, akakuta wawili wanagombana, na ujuzi wa usiku ule ukaondolewa. Ndiyo maana mpaka leo tunautafuta katika kumi la mwisho, zaidi katika tarehe za witiri, zisizogawanyika kwa mbili, na wengi wanauwekea tumaini wa ishirini na saba. Wifi akanipiga kiwiko. Akaninong'oneza kwamba haya angekuja kuyasikia yule wa ng'ambo. Nilifungua mdomo kumjibu, nikakumbuka nimefunga.

Ile jioni ya kuamkia funga ya ishirini na saba tulishona kama tunafukuzwa, ili kesho yake tuwe huru. Tulifuturu kwa maji na tende, tukasali pale pale nyuma ya pazia la kujaribia nguo, tukarudi kazini. Uzi ulikatika mara nyingi kiasi kwamba wifi aliyasema maneno ambayo siyarudii. Nje watu walikuwa wanapita wamejitanda, na miswala mikononi, barabara nzima inanukia udi. Wifi akachungulia mlangoni, akacheka. "Wana haraka hawa. Kesho wote watakuwa wanasinzia." Taa ya ng'ambo nayo ilikuwa inawaka, na cherehani ya mdogo wake inanguruma. Wifi akatikisa kichwa akasema wengine dunia imewameza.

Kesho yake tukafunga ya ishirini na saba, na magharibi ilipoingia duka likawa limefungwa kwa kufuli. Wifi alikoga, akavaa gauni jeupe alilojishonea mwenyewe, la kwanza kwa miaka mingi, maana fundi nguo zake huwa za mwisho. Njiani alihimiza tutembee upesi tusije tukakosa nafasi.

Nafasi ilikuwepo. Mngeweza kupangisha. Upande wa wanawake alikuwepo mwalimu wetu, kikongwe mmoja anayevuta tasbihi, na mistari mitupu ya mazulia. Baada ya sala wifi alimsogelea mwalimu, akauliza wamekwenda wapi watu usiku mkubwa kama huu.

"Jana hapakuwa na pa kukanyaga," mwalimu akasema. "Leo wamepumzika kidogo, mwanangu."

"Jana? Si leo tumefunga ya ishirini na saba?"

Mwalimu akamshika mkono. Akamweleza taratibu, bila kumcheka, kwamba kwa hesabu yetu usiku hutangulia na mchana hufuata; jua likizama tarehe imegeuka. Usiku wa ishirini na saba ni ule wa kuamkia funga ya ishirini na saba. Huu wa leo tayari ni wa ishirini na nane.

Wifi aliketi chini na gauni lake jeupe. Usiku aliouwekea ombi lake lote, usiku mmoja aliofungia duka, alikuwa ameumaliza akigombana na uzi. Nami nilikuwa pembeni yake napiga pasi, mjinga mwenzake, maana mimi humwachia yeye hesabu zote. Machozi yakaanza kumtoka.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nguzo.

"Mama ndiye aliyetuhesabia hivyo."

Alikuwa mdogo wake. Amekaa peke yake juu ya mswala, amevaa vizuri, macho yake yamevimba. Yeye alikuwa ameshaambiwa kabla yetu. Naye alikuwa ameshona usiku kucha jana ili leo aje. Hakumtazama dada yake. Alisema akiuangalia mswala kwamba kila mwaka mama alikuwa akiwasubirisha wafunge ya ishirini na saba kwanza, wakishafuturu ndipo anawaleta hapa, wadogo, wameshikana mikono.

"Na kila mwaka akifurahi," wifi akasema polepole. "Anasema, alhamdulillahi, tumepata mstari wa mbele."

Mmoja akaguna, sijui nani, na mwingine akashindwa kujizuia, wakaangua kicheko wote wawili mpaka kikongwe akaacha tasbihi. Maskini mama yao. Miaka yote ile akishukuru msikiti una nafasi. Mwalimu aliweka kidole mdomoni, lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika.

Kicheko cha wifi kikakatika katikati. Alisogea kwa magoti mpaka pale kwenye nguzo.

"Nilijua mtoto amelazwa," akasema. "Siku ile. Nilijua, na bado nikakusema. Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alisema alikuwa akifungua mlango wa duka lake kila asubuhi akitazama ng'ambo, akingoja maneno hayo tu. Kisha akasema amesamehe, na akalia kama mtoto. Wifi alimkumbatia, akawa anamwita majina ya utotoni ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Nililia na mimi, nisiseme uongo.

Mwalimu akatukumbusha kwamba hakuna aliyeambiwa ni usiku upi, na kwamba kumi halijaisha. Tukasimama kusali. Tulisali vizuri mwanzo. Lakini ndugu wale wawili walikuwa wamekesha usiku uliotangulia, na mwili una haki yake. Baadaye wakaketi kuegemea nguzo wapumzike kidogo tu, na nilipogeuka tena wote wawili walikuwa wamelala fofofo.

Wakati wa daku nikamgusa wifi bega. Alishtuka, akaangalia dirishani, akanijia juu kwa kunong'ona: mbona sikumwamsha, usiku umekwisha, na ombi lake hajaliomba hata mara moja. Nilikuwa na jibu kali tayari.

Nikamwonyesha tu. Mdogo wake alikuwa ameulalia mkono wa wifi, mdomo wazi, anakoroma. Wifi akamtazama. Nikamwambia anyanyuke tukale, alfajiri haiko mbali.

"Nenda wewe," akasema. "Mwache alale kidogo." Mkono ule ulikuwa umekufa ganzi, niliona vidole vilivyokakamaa, na hakuutoa.