Kamba Fupi ya Mzee Limbu

Mzee Limbu alianza uvuvi akiwa na miaka sitini na moja, umri ambao wenzake wanauacha. Mtumbwi aliupata kwa kuuza ng'ombe wa mwisho, mtamba mwekundu aliyekuwa amebaki peke yake zizini. Kundi lote wanawe walishalihamishia kusini, Lindi huko, kutafuta malisho. Walimwambia, twende baba. Akajibu kwamba atakwenda mvua zikikatika. Mvua zikakatika mara mbili, naye bado alikuwapo.

Sababu kila mtu aliijua ingawa mwenyewe hakuitaja. Mkewe, Redempta, Mfipa wa Kaengesa, alizikwa kwao kule juu, na mtu akisimama ufukweni mwa Ziwa Rukwa asubuhi anaiona milima ya Ufipa yote, kabla joto na vumbi havijaificha. Limbu aliitazama kila alipoamka. Sitaki kuzunguka: mzee alikuwa mpweke, tena upweke wa mtu aliyezoea ng'ombe mia na watoto saba kwenye boma moja.

Mwanawe mkubwa, Enock, alimpa sharti kwa simu. "Baba, ukiwa na mtu wa kuwa naye, kaa. Ukiwa peke yako, mavuno yakiisha nakuja kukuchukua." Na Enock si mtu wa maneno matupu. Akisema anakuja, anakuja.

Kambi ya wavuvi nayo ilikuwa na lake. Mwenyekiti wao, Oswaldi, mtu mfupi mwenye ukali wa kujifanya, hakutaka kuona mtumbwi majini ukiwa na mtu mmoja. "Mamba wa hapa wanapenda mtu asiye na shahidi," alisema, na hakuwa anatania.

Ndivyo Limbu alivyompata Shedrack. Kijana huyu wa miaka thelathini alikuwa dereva wa bodaboda Mazwi, pale Sumbawanga mjini, hadi pikipiki ikaharibika kabisa. Akateremka bondeni na wavu mmoja mzuri, hana chombo.

"Wewe una mtumbwi, mimi nina wavu," alisema. "Sasa tunangoja nini, mzee?"

Ghuba yao haikuwa ya kutisha. Sehemu kubwa maji yalifika magotini, kiunoni ukizidisha. Upepo wa ziwani ukivuma, maji yalisukumwa hadi kwenye majani ya ufukweni. Ukitulia, yalirudi nyuma na kuacha matope matupu, na chombo kilichokuwa kinaelea kikakaa chini kama ndama mgonjwa. Wavuvi wa vilindini waliidharau ghuba hiyo, wakaiita beseni. Lakini perege walikuwa wakija humo kula, na kwa mtu anayejifunza ilitosha.

Kwanza alijifunza pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Limbu aliushika kama anaswaga maksai, akauchoma kwa nguvu zote. Mti ukanasa kwenye matope, mtumbwi ukaendelea na safari, na mzee akabaki ananing'inia juu ya mti katikati ya maji. Shedrack alicheka mpaka akakaa. Limbu naye, akiwa amelowa hadi kwenye kofia, alicheka, na alipokuwa anatembea kurudi aligundua kwamba hakuwa amecheka tangu msiba.

"Usisukume, mzee. Uegemee tu, halafu uuachie kabla haujakuachia wewe."

Kwa majuma matatu walikwenda pamoja. Jioni walitandaza wavu kando ya matete, Limbu nyuma na pondo, Shedrack ubao wa mbele akiachia maboya moja moja. Alfajiri waliuvuta. Perege wakubwa waliwauza, wadogo wakawala wao wenyewe kwa ugali, wakiongea kuhusu abiria wa Mazwi na ng'ombe wa zamani. Enock alipopiga simu, Shedrack alikuwa kijijini kununua chumvi, lakini Limbu alimtaja mara nane kwenye maongezi ya dakika tano. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia woga.

Woga ndio uliomponza. Siku moja hawakutandaza wavu, kwa sababu ulikuwa na tundu la kushona. Waliuacha ndani ya mtumbwi, na Shedrack akatangulia kupika. Limbu akabaki kuufunga mtumbwi kigingini. Kitu unachokipenda, kwa mfugaji, unakifunga karibu na kigingi. Ndama hapewi kamba ndefu, atajinyonga au atapotea. Basi akaifupisha kamba, akaizungusha mara tatu, akakaza fundo lile ambalo hata fahali hakuwahi kulifungua. Akaupigapiga mtumbwi ubavuni, akaenda kula, moyo mweupe.

Kabla hakujapambazuka upepo ukavuma kutoka ziwani na maji yakapanda. Mtumbwi wowote ungepanda nayo. Wa Limbu haukuweza, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshikwa chini, na mawimbi yakawa yanaingia tu. Walipofika asubuhi waliona tezi peke yake, ile ncha ya nyuma, imechomoza majini. Wavu haukuwamo.

Shedrack aliitazama ile kamba muda mrefu. "Mzee, chombo kinataka nafasi," alisema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angetukana.

Mtumbwi waliutoa. Wavu Limbu aliutafuta siku nne, akipapasa matete kwa pondo, maji kiunoni, mamba au si mamba. Aliupata siku ya tano, umechanika vibaya. Akaushona siku mbili kwa vidole vilivyozoea kusuka kamba za ng'ombe, akaukunja vizuri, akaupeleka upande wa pili wa kambi, ambako Shedrack alikuwa amehamia kwenye boti ya Yusto, mvuvi wa vilindini mwenye watu wake watatu.

"Shikamoo mzee Limbu."

"Marahaba, mwanangu. Wavu wako huu. Nimeushona wote."

Shedrack aliukagua, akasifu mafundo kwa dhati. Kisha akainamisha macho. "Nimeshapata chombo, mzee. Yusto ameniweka kwa msimu mzima."

"Hapana neno," Limbu akasema. Alirudi polepole, na njiani akawasalimia watu wawili ambao hawakumsikia.

Kesho yake alimwendea Oswaldi, akamwomba ruhusa ya kuvua kwa ndoano akiwa ndani ya mtumbwi uliofungwa. Oswaldi alikuwapo siku Redempta anazikwa. Alikuna kidevu, akatazama pembeni. "Chombo kilichofungwa kigingini hakijaingia majini," akaamua.

Kwa hiyo Limbu akaunga kamba. Hatua thelathini aliipa. Asubuhi hiyo alikaa nyuma mahali pake, ndoano majini, na ubao wa mbele ukiwa mtupu, kasia la pili limelazwa juu yake, kavu. Simu ikalia kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo baba. Mbona nasikia maji?"

"Marahaba. Niko kazini."

"Na Shedrack?"

"Niko naye."

"Hebu mpe simu, baba. Sijawahi hata kumsalimia."

Limbu aliutazama ubao wa mbele. "Anavuta wavu," akasema. "Mikono imelowa."

"Basi mwambie ahsante. Nilishapanga safari ya kuja, sasa naiacha, moyo umetulia. Mwambie asikuache."

"Nitamwambia."

Akaifunga simu kwenye nailoni. Upepo ulikuwa umeanza na maji yanapanda, lakini kamba ilikuwa ndefu, na mtumbwi ukainuka nayo bila taabu. Limbu hakuwa mtu wa kuahidi jambo asilitimize. Akakohoa kidogo, akauelekea ubao wa mbele.

"Enock anakushukuru," akasema. "Anasema usiniache."