Swali Langu Bado Lipo

Mpambaji wa studio amempaka poda mtangazaji mmoja miaka yote ambayo mtangazaji huyo amewahoji wanasiasa. Kabla ya kuingia hewani, mtangazaji huvua saa na kuilaza kifudifudi mezani. Mgeni akianza kuzungukazunguka bila kujibu, mtangazaji huinama kidogo na kusema kwa upole, “Samahani, mheshimiwa, swali langu bado lipo.” Mawaziri wamelowa jasho kwa maneno hayo. Jana alirudi kazini baada ya kufanyiwa upasuaji wa koo. Mpambaji alisimama nyuma ya kamera, brashi mkononi, roho juu, kwani daktari hakuahidi kwamba sauti ingestahimili kipindi kizima. Waziri aliyekuwa mgeni wa jana akaanza kupiga chenga. Mtangazaji akainama, akasema yale maneno yake. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka, na ikafika naye mwisho wa kipindi.

Akimfuta poda, mpambaji aliuliza, “Koo linauma, kaka?”

“Ahsante kwa swali zuri sana, dada. Kwanza kabisa niseme kwamba…”

“Samahani, mheshimiwa, swali langu bado lipo.”

Mtangazaji akaangua kicheko, mikwaruzo tele. “Haliumi,” akasema. “Haliumi hata kidogo.”