Rejeta ya Landrova na Sala Yangu Ndefu

Fundi alihangaika na rejeta mpya ya Landrova yangu ya zamani tangu alfajiri, na matundu ya bolti yalikataa kukutana. Mke wangu alikuwa ameshavaa. Mdogo wake, mzee kama sisi, alikuwa anabatizwa kanisani kijijini Migato saa nne.

Saa mbili rejeta ikakaa. Kwa furaha nikasema tumshukuru Mungu kwanza. Fundi, aliyekuwa akikaza klipu ya mpira wa maji wa chini ya rejeta, akaweka bisibisi, akavua kofia. Niliomba kirefu, kama kawaida yangu. Baada ya amina tukajaza maji, nikawasha gari. Mpira ukachomoka, maji yote yakatumwagikia miguuni.

"Kumbe hukukaza?"

"Ningekazaje wakati unasali, mzee?"

Nilikereka, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Bombani maji yalikuwa yamekatika. Mke wangu akaleta ndoo yetu ya maji ya kunywa, akaitua kwa kishindo.

"Sasa kazeni. Amina mtaisemea kanisani."

Tulifika Migato, na kupitia mlango wa kanisa tukamwona mdogo wake ameshainamisha kichwa amwagiwe maji ya ubatizo. Mke wangu alishuka kabla sijazima injini, akakimbia.