Mama Yuko Juu ya Gurudumu

Gurudumu la baba lilipogoma, mama yangu alikuwa juu kabisa, juu kuliko paa la nyumba, amekalia kiti cha chuma na kushika fito ya mbele kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, wa kushoto, ulikuwa umelala mapajani. Mwaka jana presha ilimwangusha jikoni, na tangu siku hiyo mkono huo hauna nguvu ya kushika hata kikombe. Daktari alituambia tumlinde na mishtuko. Sasa alikuwa ananing'inia hewani, na upepo wa kiangazi unaopanda kutoka mteremko wa Sekenke ulikuwa unakitikisa kiti.

Nilikuwa nimesema asipande. Nilisema asubuhi wakati wa chai, nikasema njiani tukienda kanisani, nikasema tena tuliporudi, mpaka kaka yangu akaniambia nimekuwa kama redio isiyozimwa. Lakini nyumbani kwetu Misigiri maneno yangu hayajawahi kushindana na Marekani.

Inabidi nieleze hiyo Marekani. Baba alipokuwa kijana alipata kazi katika karakana ya wamishonari, huku huku Iramba, chini ya fundi mmoja Mmarekani. Fundi huyo alikuwa na vitu vitatu alivyokuja navyo kutoka kwao: santuri, magazeti yenye picha, na hamu ya kurudi nyumbani. Jioni walipomaliza kazi alikuwa anaweka santuri, gitaa linalia, mwimbaji anapaza sauti kama mtu aliyekanyaga moto, na yule mzungu anamwonyesha baba picha. Magari marefu yenye mapezi nyuma kama samaki. Wavulana wenye nywele zilizopakwa mafuta na kuinuliwa mbele. Wasichana waliovaa sketi pana, wanakunywa maziwa kwa mrija. Na picha aliyoipenda kuliko zote, ya uwanja wa michezo kando ya bahari huko kwao, wenye farasi wa mbao wanaozunguka na gurudumu kubwa la taa, ambamo mvulana anakaa na mpenzi wake, wanapanda hadi juu, wanaona mji mzima.

Yule fundi alikuwa analia akiisimulia picha hiyo. Alipoondoka akamwachia baba magazeti na ile hamu. Ndivyo ninavyoona mimi. Baba yangu, mtoto wa wachunga mbuzi, aliugua kwa kukumbuka mahali ambapo hakuwahi kufika. Alikumbuka ujana wa mtu mwingine, na akaukumbuka vizuri kuliko mwenyewe.

Alipoanza kumposa mama alikwenda kwao nywele zimeinuliwa mbele kwa mafuta ya alizeti, nzi wanamfuata. Wazee walipomaliza kumhoji, alipata nafasi ya kusema na binti pale uani. Hakumwambia habari za ng'ombe wala shamba. Alimwambia habari za gurudumu. Akamwahidi kwamba siku moja atampandisha. Mama alikuwa anatusimulia hayo huku anacheka hadi anafuta machozi kwa khanga, lakini sikuwahi kumsikia akisema ahadi ile ilikuwa ya uongo.

Sisi watoto tulikua katika nyumba ambayo ukuta wa sebule ulibandikwa magari yale yenye mapezi. Shuleni waliniita mtoto wa Mmarekani, na haikuwa sifa. Wenzangu baba zao walivaa koti jeusi kanisani. Wangu alivaa koti la mtumba lenye herufi kubwa ya kizungu kifuani, na suruali ameikunja chini. Nilikuwa naona aibu hadi natamani ardhi ipasuke. Hata nilipokuwa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe, nilikuwa bado namkasirikia kwa jambo hilo. Niliona kwamba maisha yake yote alikuwa ameweka mwili hapa na moyo kwingine.

Halafu binti yangu, wakati wa likizo, akamtafutia babu yake gurudumu kwenye simu. Nia yake ilikuwa njema. Akapata video ya uwanja mmoja wa zamani wa huko huko, uliofungwa. Majani yamefika kiunoni. Farasi wa mbao hawana vichwa. Gurudumu limesimama na kutu, miti imepita katikati ya viti. Baba alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akatoka nje. Kesho yake alikwenda kununua vyuma chakavu.

Baba ana mashine ya kukamua alizeti, kwa hiyo vyuma si vitu vigeni kwake. Alitumia shafti ya mashine ya zamani kuwa mhimili, akachomelewa mabomba, akasimamisha nguzo mbili za kuubeba, akatengeneza viti vinne. Kazi zote za juu alizifanya kaka yangu. Baba alisimama chini akielekeza kwa fimbo. Nilidhani ni raha ya kuamrisha tu. Walilijaribu kwa magunia ya mashudu ya alizeti, likazunguka vizuri, watu wakapiga makofi. Kaka akataka kununua grisi ya kuweka kwenye bushi, zile pete za chuma ambamo mhimili unazungukia. Baba akamcheka.

"Mimi nakamua mafuta mkoa mzima unayasifia," alisema, "halafu nikanunue mafuta dukani?"

Sisi watu wa Singida ndivyo tulivyo. Alizeti tunaikaangia, tunajipaka, tunalainishia bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli, na mgeni akiondoka tunamfungia dumu. Baba akawa analimiminia gurudumu lake mafuta ya alizeti kila asubuhi kama mtu anayemnywesha ndama. Aliona analitunza. Wiki kadhaa likasimama juani bila kuzunguka, vumbi na makapi ya mashine yanalirukia, na yale mafuta mazuri yakawa yanageuka gundi taratibu, ndani, mahali ambapo hakuna aliyeona.

Jumapili ya mavuno tulipotoka kanisani, majirani wakatufuata nyumbani kuona. Baba akasimama mbele ya kiti cha chini, akakifuta kwa leso yake, akamtazama mama.

"Mama hapandi," nikasema.

"Nani amekuuliza?" mama akasema.

"Daktari amesema..."

"Daktari hakunioa." Watu wakacheka. Akanitazama kwa upole, akanishika shavu kwa mkono ule mzima. "Mwanangu, nimesubiri tangu nikiwa msichana. Nisipande leo, nipande lini?"

Akakaa. Baba akamfungia kamba kiunoni. Vijana wakavuta kamba ya gurudumu, nalo likaanza kupanda likilalamika, sauti mbaya ya chuma na chuma. Mara ya kwanza lilizunguka. Mama akapita mbele yetu akiwa amefunga macho na kutabasamu. Lilipomfikisha juu mara ya pili, likasimama.

"Vuteni!" baba akasema.

Wakavuta. Wakaongezeka wengine wakavuta. Tukasikia mlio mkali, na nguzo ya upande wa kulia ikapasuka pale ilipochomelewa. Mama akapiga kelele fupi. Kiti kilikuwa kimeyumba, na ule mkono wake mzima ulikuwa unahangaika kuitafuta fito.

"Acheni!" nilipiga ukelele. "Mtamwua! Acheni!"

Wakaacha. Nikamgeukia baba. Nikamwambia mchuma janga hula na wa kwao, nikamwambia Marekani yake imempandisha mama yangu juu sasa imteremshe. Midomo yake ilikuwa imekauka, imekuwa kijivu. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza, na hilo nalo likanikasirisha.

Kaka alikuwa ameshapanda hadi nusu ya ile nguzo isiyopasuka, akanusa mafuta yaliyochuruzika, akashuka haraka kwa sababu chuma kilikuwa kinapinda kwa uzito wake. Kaka yangu ni mtu wa mwili.

"Bushi zimeganda," akasema. "Ni mafuta. Yamekuwa ulimbo. Tukimwagia mafuta ya taa yatalegea."

Ngazi yetu haikufika. Ngazi ndefu ilikuwa kanisani, na hata kama ingekuja, ungeiegemeza wapi, kwenye kiti kinachoyumba? Halafu jambo jingine likanijia. Kama bushi zikilegea ghafla, mama yuko juu peke yake na viti vingine vitupu. Uzito wake wenyewe ungemwangusha kwa kasi, na ile nguzo iliyopasuka isingevumilia.

Sikusema. Nilikuwa naogopa kulisema mbele yake. Lakini sauti ikatoka juu, nyembamba, imekatwakatwa na upepo.

"Wekeni mzigo kiti cha chini! Punda anapakiwa pande mbili!"

Kila mtu aliyelelewa kwetu analijua hilo. Ukimpakia punda upande mmoja, tandiko linageuka na mzigo unamwagika. Kwa hiyo watu wawili humpakia kwa pamoja, huku na huku. Mama amepakia punda tangu utoto, na kule juu, presha inampiga masikioni, aliliona gurudumu kama punda. Tukakimbilia ghalani. Tukaweka gunia la mashudu kwenye kiti cha chini, kaka akalipima kwa mikono, akaongeza kiroba. Wanaume wakashika kamba pande zote mbili kulizuia.

Ikabaki kupanda na mafuta ya taa. Kijana mmoja wa jirani akajitokeza. Mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Baba akatusukuma wote pembeni, akakitia shingoni kidumu cha mafuta ya taa chenye kamba.

"Aliyeweka yale mafuta ni mimi," akasema. "Nguzo ikivunjika, inivunjikie mimi."

Mama akamwona.

"Mzuieni!" akapiga kelele. Sauti ilikuwa ya hofu kweli kweli, hofu ambayo hakuwa nayo kwa ajili yake mwenyewe. "Mzuieni baba yenu! Hawezi juu! Tangu alipoanguka jabalini akichunga mbuzi, hawezi hata kupanda paa!"

Nikakumbuka fimbo yake ya kuelekezea. Nikakumbuka kwamba paa letu lilipokuwa likivuja, siku zote aliitwa mtu mwingine. Miaka yote ile ya gurudumu, gurudumu, na mwenyewe hangeweza kulipanda hata kwa kulipwa.

Alikuwa ameshaanza. Alipanda vipande vya nondo vilivyochomelewa kwenye ile nguzo isiyopasuka, kimoja, anakumbatia chuma, kingine, anakumbatia chuma, na macho ameyafumba. Nguzo ililia na yeye akasimama, akawa anahema kwa nguvu mpaka sisi wa chini tunasikia, kisha akainua tena mguu. Mama akaanza kumsemesha kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Alimwambia kuna kipande kingine kulia. Alimwambia asifumbue.

Akafika kwenye mhimili. Akamwaga mafuta ya taa kwa kupapasa, nusu yakaingia kwenye bushi, nusu yakamwagikia shati lake. Kwenye bushi ya pili ilimbidi anyooshe mkono kuvuka shafti, na hapo nikafumba macho mimi. Tukasubiri. Nilikuwa naomba, na sijui niliomba maneno gani. Kaka akagusa kamba, akaivuta kidogo, akaiachia, akaivuta. Gurudumu likatoa mlio, likasogea kidogo sana.

"Taratibu!" nikasema. "Taratibu, jamani, taratibu!"

Likaanza kushuka kwa heshima, gunia linapanda na mama anateremka, wanaume wanaachia kamba kiganja kwa kiganja. Mama alipofika usawa wa kichwa changu nikamshika mguu, nao ulikuwa wa baridi. Nikaikata ile kamba ya kiunoni. Nikambeba kama mtoto, nikamkalisha kwenye gogo, nikamshika mshipa wa mkono kana kwamba nina ujuzi wowote. Mapigo yalikuwa yanakimbia lakini alikuwa ananiona, na alikuwa anajua jina langu. Nikalia.

"Niache," akasema. "Baba yenu."

Baba alikuwa bado juu. Amekumbatia mhimili kwa mikono yote miwili, shavu kwenye chuma, na hakuwa anashuka. Kaka alimwita, hakujibu. Mimi nilimwita Baba, nikamwita tena kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea, hakujibu. Alikuwa ameganda kama zile bushi.

Mama akainuka. Nilitaka kumzuia, lakini nilishapoteza haki ya kumzuia mtu siku hiyo. Akajikokota hadi chini ya nguzo, akaweka kiganja kwenye chuma.

"Mguu wa kushoto," akasema. "Kipande kiko hapo hapo. Sijaenda popote. Haya, sasa wa kulia."

Ukashuka mguu. Kisha ukashuka mwingine. Alimteremsha hivyo, kipande kwa kipande, mpaka viatu vyake vikagusa udongo, na hata hapo hakuamini, akaendelea kushika chuma. Alinuka mafuta ya taa.

Nilikuwa nimemwekea maneno tangu asubuhi. Nadhani nilikuwa nimemwekea tangu shule ya msingi. Baba akanitazama mimi, hakumtazama mama, na baba yangu hajawahi kumwomba mtoto wake radhi kwa jambo lolote.

"Nilitaka kumpa raha mama yako," akasema.

Mama ndiye aliyejibu, huku anaitafuta mikono yake ili aibandue kutoka kwenye nguzo.

"Umenipa," akasema. "Twende ndani ukabadilishe shati."