Vitabu Vinavyosubiri Theluji

Bernita Tsinajinnie ndiye mtunza maktaba wa shule yetu, na ni mwoga. Kila mwaka radi ya kwanza ikinguruma, anaondoa rafuni vitabu vyote vya watoto vyenye hadithi za Mbweha, anavifungia kabatini mpaka theluji ianguke. Kwetu hadithi hizo ni za majira ya baridi, nyoka wakiwa wamelala. Ukizisimulia wakiwa macho, wanakuja kusikiliza. Mjomba wake aliwahi kujisahau akasimulia kiangazi, na kesho yake kaka yake Bernita akaumwa na nyoka mguuni, akafa. Kwa hiyo mimi simcheki.

Mwezi Julai alipitiwa. Alichukua kitabu kimoja nyumbani akigundishe majalada, akakiacha mezani. Na mjukuu wake Shandiin, mtoto wa miaka saba, alikuwa amekuja likizo kutoka Phoenix.

Tulikuwa jikoni tunakaanga mikate tuliposikia sauti ya mtoto nje, inasoma. Bernita aliacha mkate kwenye mafuta. Nilimfuata.

Shandiin alikuwa amekaa kizingitini, kitabu mapajani. Karibu na miguu yake nyoka wa njuga alikuwa amejikunja, kichwa juu.

"Funga kitabu," Bernita alisema polepole. "Usiinuke."

"Bibi, kimebaki kidogo tu."

"Funga, mama."

Mtoto akamwona nyoka, akafunga. Mimi nilikuwa nimeshashika koleo.

"Liweke chini," Bernita aliniambia. "Unataka kumuua mgeni tuliyemwita wenyewe?"

Alitoa chavua ya mahindi, ile ya kuombea, kwenye kifuko chake, akainyunyiza huku akimwomba nyoka radhi. Chavua nyingine ikamwagikia viatu vyake. Njuga za mkiani mwake yule nyoka zikalia. Nilijua mtoto tumeshampoteza. Kisha yule nyoka akajikunjua, akaingia chini ya gari bovu lililokuwa uani.

Bernita alimvuta mtoto ndani. "Sikukwambia usubiri theluji?"

"Nisubiri vipi?" Shandiin alikuwa analia. "Theluji ikianguka mimi huwa sipo."

Bernita akakaa chini. Mkate uliungua na hakuna aliyeinuka. Niliona ameingiwa na hofu nyingine, kubwa kuliko ya nyoka, maana yeye ni mzee na binti yake huko mjini hajui hata hadithi moja.

Mtoto alipokuwa anaondoka, Bernita alikifunga kile kitabu kwa uzi wa sufu, mafundo juu ya mafundo, akakitia kwenye begi la mtoto. "Theluji ikianguka, nipigie simu kabla hujafungua."

Jana theluji ilianguka. Nilimkuta Bernita mlangoni kwake, simu mkononi, uso umempauka.

"Ni Shandiin," alininong'oneza. "Kwao haianguki kabisa. Anauliza kama theluji ya huku kwangu inatosha."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia asubiri kwanza. Twende tukaangalie chini ya gari kama nyoka wamelala."

Tulikwenda tumeshikana mikono. Aliinama, akachungulia muda mrefu. Palikuwa na udongo ulioganda tu.

Akaiweka simu sikioni. "Fungua, mama," akasema. "Soma kwa sauti."