Pacha wa Antipasi

Kaka yangu Amosi alipata pacha akiwa mtu mzima mwenye mvi. Hakuzaliwa naye wala hawakuwahi kula sahani moja. Alipewa na watafiti wa afya, mchana kweupe, mbele ya watu, na watu wa kijiji chetu cha Iguguno hawajui kusahau kitu walichopewa bure.

Niseme kwanza alikuwa mtu wa namna gani, maana siku hizi wakimtaja wanashusha sauti kana kwamba hakuwahi kuwa na mwili, jambo ambalo linanikera. Amosi alikuwa mkulima wa alizeti, mrefu, shingo nyembamba, mtu wa mizaha, mwimba besi katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Na alikuwa mlafi wa chumvi. Mlenda umeshatiwa magadi na karanga, umekolea, yeye bado atachota chumvi kwa vidole vitatu na kunyunyiza. Mkewe alikuwa akimficha kopo. Mke alipofariki, nikahamia kwake kumsaidia kutunza mji, nikajaribu kulificha na mimi. Akaniambia, "Rebeka, hata ng'ombe wanalambishwa chumvi bila kupimiwa, sembuse mimi mwenye ng'ombe."

Hakuwahi kulazwa. Alikuwa na kile kiburi cha watu wasiougua: wanamhurumia mgonjwa huku moyoni wanadhani kuna mahali alikosea.

Antipasi alikaa ng'ambo ya korongo, kitongoji hicho hicho chetu. Alizaliwa mwaka mmoja na Amosi, wakamaliza darasa la saba pamoja, na baada ya hapo ilikuwa salamu tu za barabarani. Siku moja Antipasi akiwa anapepeta alizeti uani kwake alianguka. Upande wa kulia ukafa na maneno yakamtoka. Hospitali wakasema ni kiharusi, wakampa vidonge. Nyumbani watu wakasema amepigwa kofi na kitu kinachokaa kwenye yale mawe makubwa juu ya shamba lake. Mkewe, Luciana, alifuata ya hospitali mpaka vidonge vilipoisha. Kisha akafuata ya mganga, na mganga akamkataza kuchanganya dawa.

Ndipo watafiti walipokuja. Aliyewaongoza alikuwa binti mmoja anaitwa Faith, mpole, na kishikwambi chake kifuani. Tuliitwa ofisi ya kijiji, akatueleza vizuri tu, sina la kumlaumu. Alisema kiharusi kimezidi mkoani na wanataka kujua kinatokana na nini katika maisha ya watu. Kwa kila mmoja aliyepata, wanatafuta mmoja ambaye hajapata: umri ule ule, jinsia ile ile, kitongoji kile kile. Wote wawili wanaulizwa maswali yale yale. Chumvi, sigara, pombe, usingizi, wazazi walikufa na nini. Wakishakuwa mamia kwa mamia, tofauti zao zinaanza kuonekana.

Mzee Alute, ambaye huwa hasemi mikutanoni, aliinua mkono.

"Kwa hiyo mwanangu, mnataka kujua kwa nini yule, na si huyu?"

"Ndiyo, babu. Ndicho hasa tunachokitafuta."

Nakumbuka nilisikia bati la ofisi likilia kwa jua. Faith alidhani tumemwelewa, na kweli tulimwelewa, ila kwa namna yetu. Tulichosikia sisi ni kwamba kati ya wawili mmoja alitakiwa kuanguka, na kwamba wageni hawa wamekuja kuuliza kama mchaguzi hakukosea.

Kishikwambi kikamtaja Amosi kuwa ndiye wa kulinganishwa na Antipasi. Sijui nani alisema "pacha" kwanza. Mpaka tunafika nyumbani jina lilikuwa limetutangulia.

Kama lingekuwa jina la utani tu, tungelicheka likaisha. Lakini bibi aliyetulea alikuwa mkunga, na katika mambo ya mapacha alikuwa hana mchezo. Kwake, mapacha walikuwa mtu mmoja aliyegawanywa. Mmoja akiugua, dawa wanakunywa wote wawili. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwenzake, alisema, ugonjwa unahama tu, kisha unarudi kwa hasira. Amosi ndiye aliyekuwa akimshikia kibuyu wakati anawanywesha. Alikua na jambo hilo kichwani kama wengine wanavyokua na Baba Yetu.

Faith alikuja nyumbani kumhoji. Maswali aliyajibu kwa mizaha. Kuhusu chumvi alisema, "Andika kidogo, dada yangu yuko hapa." Kisha Faith akamfunga kile kitambaa cha kupima presha mkononi, kikavuta pumzi, kikambana, kikaachia. Akapima tena. Akampumzisha, akapima tena.

"Baba, presha yako iko juu sana."

"Siumwi."

"Haiumi, baba. Huo ndio ubaya wake. Nakuandikia uende zahanati, na watakachokupa umeze kila asubuhi, ujisikie mgonjwa usijisikie."

Alikwenda, akapewa vidonge. Jioni hiyo alikaa mlangoni akikigeuza kile kichupa, mizaha imemwisha.

"Rebeka, ile mashine imemsikia Antipasi."

"Imemsikiaje, na yeye yuko ng'ambo ya korongo?"

"Imemsikia kwangu," alisema. "Mimi siumwi. Anayeumwa ni yule."

Nilimkaripia. Nilimwambia mtu mzima haongei hivyo, na vidonge ni vyake, ameze. Akaitika kwa upole, na upole ule ndio ulionidanganya. Kuanzia kesho yake alikuwa akichukua bakuli la uji, anavuka korongo kwenda kumwona mgonjwa. Nilifurahi, nikasema kumbe kiburi kimemtoka. Kila mwezi alikwenda zahanati kuongeza dawa, vidonge vikawa vinaisha kwa wakati wake. Ningejuaje vinaishia kinywani mwa nani? Luciana ndiye aliyenisimulia baadaye: mwanzo Amosi alikuwa akikata kidonge, nusu akimpa Antipasi, nusu akiondoka nayo. Kisha akaona aliyezidiwa ni mwenzake, akaanza kumpa chote. Luciana alidhani ni dawa za mumewe ambazo Amosi anamchukulia zahanati, na hakutaka mganga ajue.

Mimi nilikuja kujua kuna jambo kwa sababu ya kidole.

Nilikwenda naye siku moja, saa za mchana. Alizeti zilikuwa zimekomaa shambani kwa Antipasi, vichwa vimeinama vyote upande mmoja, na upepo wetu wa Singida, ambao haunyamazi, ulikuwa umenyamaza. Antipasi alikuwa ameegemezwa ukutani kwenye kiti cha ngozi. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala, na nusu ilikuwa macho. Amosi alichuchumaa, akamlisha uji, akamfuta kidevu. Kisha Antipasi akainua mkono wa kushoto, polepole, ukitetemeka. Kidole kikapita hewani kikamtafuta kaka yangu, kikamfikia kifuani, kikatulia. Kilipotulia hakikutetemeka tena. Jicho zima lilimkodolea bila kupepesa, likitoka machozi, na mdomo ukawa unafunguka na kufumba bila sauti.

Luciana alirudi nyuma mpaka akagusa mlango.

"Kila siku?" nilimuuliza.

"Kila siku akishamlisha," alinong'ona. "Anamwita."

Nilimshika Amosi mkono nikamtoa pale. Njiani nilimwomba asirudi tena. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Akifa yule nakufa, Rebeka. Sasa nisimlishe?"

Habari ya kidole ilienea. Antipasi akikohoa ng'ambo, watu huku walimtazama Amosi. Gulioni walimwachia nafasi pande zote, hata wale waliokuwa wakimdai hadithi. Walipomsalimia walimuuliza, "Mmeamkaje?" na hawakumaanisha mimi na yeye. Nilikuwa na hamu ya kumzaba mtu kofi.

Na kibaya zaidi, alianza kufanana naye. Kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, akakitazama pale chini kama si chake. Jumapili moja besi yake ilikatika katikati ya neno, akabaki mdomo wazi, wenzake wakaendelea, kisha sauti ikarudi kana kwamba ilikwenda mahali. Akatafuna upande wa kushoto tu. Mguu wa kulia ukawa unakwaruza vumbi kidogo, si sana, ila nilikuwa nausikia akitoka na nausikia akirudi. Niliogopa. Sioni haya kusema niliogopa ndugu yangu.

Nilimpigia simu Faith, akaja mwenyewe, akaketi naye chini.

"Baba, wewe na mzee Antipasi hamjafungwa pamoja. Ni hesabu tu. Tungeweza kumchagua mwingine yeyote wa umri wako."

"Mwingine yeyote?"

"Yeyote."

Amosi akamuuliza, "Basi mbona ni mimi?"

Faith akafungua kishikwambi chake. Alimuuliza kama anameza dawa. Akasema, "Zinamezwa." Faith akampima, presha ilikuwa ile ile ya juu. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali wambadilishie. Amosi akaahidi kwenda baada ya mavuno.

Kisha kidole kikakoma. Luciana alikuja mbio kutuambia: Antipasi amelishwa, amefutwa, mkono umebaki mapajani. Kesho yake hivyo hivyo, na iliyofuata hivyo hivyo. Ila alikuwa anafumba macho wakati wa kulishwa, alisema, anafungua mdomo amefumba macho. Watu wakasema amemwachilia. Gulioni wakaanza kumsogelea tena. Na Antipasi akaanza kupata nafuu ya kuonekana: vidole vya mguu, kifundo, goti. Akasimama kwa gongo. Siku aliyopiga hatua Amosi alirudi nyumbani akiimba, mguu unakwaruza, akanikumbatia, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu tuzaliwe.

"Tumepona," alisema.

Alianguka uani kwa Antipasi akiwa ameshika bakuli. Luciana alikuwa kisimani. Aliporudi aliwakuta wote wawili wamelala chini, akapiga yowe akidhani wamekwenda pamoja. Kumbe Antipasi alikuwa amejiburuta kutoka kwenye kiti mpaka alipo Amosi, mkono wa kushoto umeshika shati lake, uji umewamwagikia. Tulimpakia Amosi kwenye bajaji. Hospitali alikaa siku mbili bila kunitambua, akafa.

Mazikoni watu walilia nusu nusu. Walikuwa wanasikiliza ng'ambo ya korongo. Wengine walilala kwetu zaidi ya desturi, na nilijua hawakai kwa ajili ya kunifariji, wanangoja msiba wa pili usiwape safari mara mbili. Nikawafukuza. Niliwaambia alizeti zao zinaliwa na ndege.

Antipasi hakufa. Alizidi kupona. Maneno yakaanza kurudi, mwanzo jina la mkewe, kisha maji, kisha mengine.

Faith alirudi baada ya mavuno, maana wanawafuatilia watu wao. Aliposikia alilia mbele yangu. Ilibidi aniulize yale wanayouliza juu ya marehemu, nami nikamjibu. Alipofika kwenye dawa, nikasema alichukua kila mwezi. Luciana alikuwepo, amekuja kunisalimia. Akauliza ni dawa zipi. Tukatazamana sisi watatu, na hapo ndipo yote niliyoeleza juu ya vidonge yalipotoka. Luciana aliketi chini mavumbini, akajifunika uso kwa khanga.

Sikungoja. Nilivuka korongo, wao wakinifuata. Antipasi alikuwa amesimama uani na gongo lake, akinitazama nikija kana kwamba alikuwa akiningoja tangu mazishi. Nilimwamkia, maana ni mkubwa wangu, kisha hasira ikanishinda.

"Kaka Antipasi, ulikuwa na masikio. Ulisikia kila alichokuwa akikuambia akikulisha. Kile kidole ulikuwa unamwitia nini?"

Maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho.

"Sikumwita. Nilimwambia... ameze yeye. Dawa yake."

Nilisikia Faith akivuta pumzi nyuma yangu.

"Nilitema," alisema. "Akaokota. Akaniosha mdomo. Akasema, meza, pacha, tusife."

"Basi mbona uliacha kumnyooshea?"

Alitazama mguu wake wa kulia, ule uliokuwa umesimama vizuri kwenye udongo.

"Mguu ulikuwa umeanza kuamka, Rebeka," alisema. "Nikaogopa angeacha kuleta."