Mistari ya Njano Chini ya Datsun

Kwa miaka mitatu Glenys Pascoe hakuwa na pa kuegesha gari lake mwenyewe, maana banda lote lilikuwa la Datsun. Ilikuwa gari la michezo ya mwaka sabini na moja, milango miwili, pua ndefu, na mumewe Lindsay aliinunua ikiwa kutu tupu kwa mkulima aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Akaikata, akaichomelea, akapanua madigadi ya nyuma ili yapokee matairi mapana, akaitia injini kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Majirani wa pale Burnie walikuja kuitazama, wakatikisa vichwa, wakasema si mbaya. Kwa watu wa Tasmania sifa haizidi hapo.

Kisha mikono ya Lindsay ikaanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, Parkinson, naye Lindsay akamjibu kwamba ana kazi ya kumaliza nyumbani. Vikombe vya chai vikawa vinajazwa nusu. Glenys akamnunulia viatu visivyo na kamba, na hayo yote mzee aliyakubali bila kelele. Bandani tu ndiko hakutaka kusaidiwa. Kila nati aliyoikaza aliipigia mstari mwembamba wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, akasema, "Hiyo imekwisha. Hata Mungu asiiguse."

Glenys aliigusa. Alhamisi moja, Merv wa nyumba ya pili alipokuwa amempeleka Lindsay kwenye mazoezi ya viungo, aliingia bandani kutafuta ufagio, akainama, akashika nati moja ya mguu wa mbele wa gari, ule unaoshika gurudumu, bila nia yoyote. Ikazunguka kwa vidole vyake.

Nyumba yao iko juu ya barabara inayoteremka moja kwa moja mpaka baharini, na Lindsay alikuwa ameshatangaza kwamba safari ya kwanza watakwenda wao wawili, kwa barabara hiyohiyo. Tangu siku ile kila Alhamisi ikawa vita. Merv akishapiga honi ya kuondoka na Lindsay, Glenys anajilaza chini ya gari na tochi mdomoni, anakaza nati moja baada ya nyingine, sikio lote liko nje kusubiri honi ya kurudi. Mwanamke aliyeendesha basi la shule milimani nusu ya umri wake, leo anatokwa jasho kwa sababu ya honi ya jirani. Aliogopa kuziacha nati, maana zingewaua. Aliogopa zaidi kumwambia mumewe, kwa kuwa alijua ataweka spana chini asiinyanyue tena, na baada ya hapo angebaki na mtu wa kukaa dirishani tu.

"Una grisi shingoni," Lindsay alimwambia Alhamisi moja jioni, wakila viazi na kondoo.

"Nilikuwa natengeneza mashine ya kukata majani."

"Mashine ya majani iko kwa Merv tangu Krismasi."

"Basi ndiyo maana sikuiona."

Lindsay alimtazama, akarudi kwenye viazi vyake. Glenys hakulala vizuri.

Jumamosi asubuhi alimpelekea chai bandani. Gari lilikuwa juu ya stendi nne za chuma, na chini yake ilionekana miguu ya Lindsay tu.

"Glen, hebu njoo huku chini."

Akajilaza kando yake kwenye boksi lililotandazwa. Mwanga wa tochi ulikuwa ukichezacheza juu ya vyuma, kwa ule mkono unaotetemeka. Ukatua kwenye nati. Mstari wa njano ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja kimekwenda na nati upande wa kukazia, kingine kimebaki peke yake kwenye chuma. Nati ya pili, vilevile. Ya tatu pia.

"Mstari ukikatika ujue nati imezunguka," Lindsay alisema. "Ndiyo kazi yake."

Wiki zote zile Glenys alikuwa akitazama spana. Rangi aliiona mbwembwe za mzee.

"Labda ni kutikisika," alisema.

"Gari halijatoka humu miaka mitatu, litikiswe na nani? Halafu nati hulegea yenyewe, mama. Haijikazi yenyewe."

Nyumba ya pili Merv aliiwasha mashine yao ya majani.

"Nilikaza kwa nguvu zangu zote," Lindsay alisema polepole. "Nilikuwa nasikia kabisa kwamba imekaza. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha."

"Ningeacha kweli."

Akajivuta akatoka chini ya gari, na ilimchukua muda. Glenys alibaki palepale, machozi yakimtiririkia masikioni, akisubiri kusikia mlango wa nyumba ukifungwa. Alichosikia ni mlango wa Datsun. Mzee alipanda kwa taabu, akihema, akakaa.

"Breki bado zina upepo, lazima tuutoe," alisema kutoka juu. "Chupa ya kukingia mafuta ya breki na kimpira chake viko kulia kwako. Anza na gurudumu la mbali."

Katika kila gari walilowahi kuwa nalo, Lindsay ndiye aliyekuwa chini na spana, na Glenys juu akikanyaga pedali kila anapoamriwa. Sasa alijipangusa uso kwa mkono wenye grisi, akachomeka kile kimpira kwenye chupa, akaweka spana mahali pake. Akasubiri amri, kwa mazoea. Alichelewa kung'amua kwamba na yeye anasubiriwa.

"Kanyaga," alisema, na sauti ikamtoka ndogo.

"Sijasikia, fundi."

"Kanyaga, Lindsay."

Akakanyaga.